Mnyororo na Ufunguo Wake

Watu wa ofisi ya jiji walipoufunga mtaa wetu wa Rwezamenyo magari yasipite, walipanda miti, wakaweka viti vya saruji, na mwanzoni mwa njia wakafunga mnyororo wenye kufuli. Mke wangu aliufurahia mtaa huo mpya. Alasiri alikaa nje akichambua maharage, akisema sasa anasikia watu wanachoongea. Jirani yetu mwenye duka aliuchukia, na alikuwa na haki yake: magunia ya mchele yalishushwa mbali, yakaja yamebebwa kichwani.

Mke wangu alipofariki, kabla hata pole hazijaisha, jirani huyo alinijia asubuhi ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya kazi kungekuwa na kikao kuhusu mtaa.

"Shemeji, simama tu useme mnyororo ndio umemuua dada. Wewe hawatakubishia."

Nilisimama. Nilieleza jinsi kifua kilivyombana mke wangu, nilivyoita teksi, naye alivyokata roho mikononi mwangu. Ndipo teksi ikafika, ikakwama kwenye mnyororo ikipiga honi. Nilikimbia hivyo hivyo kutafuta ufunguo, kama vile ungemrudisha. Hakuna aliyejua anao nani.

"Mnyororo haukumuua," nilisema.

Kiongozi aliyetumwa na ofisi ya jiji akapiga makofi. Akawaambia watu wamesikia wenyewe, mtaa hauna tatizo.

"Sikusema hivyo," nikamwambia. "Siku nyingine atakuwa mtu ambaye bado anapumua. Ufunguo uko kwa nani?"

Akajibu kwamba swali ni zuri, atalifikisha.

"Alifikishe kwa miguu basi," mama mmoja akasema nyuma, "maana gari halipiti."

Watu wakacheka, kikao kikaisha. Njiani jirani alinifuata. Alisema uongo mdogo tu ungetusaidia sote. Nilimjibu kwamba nimeishi na huyo anayemwita dada miaka yote bila kumdanganya, siwezi kuanza sasa eti kwa kuwa hanisikii. Tangu siku hiyo chai aliyokuwa akiniletea haiji tena.

Kila umuganda nauliza tena. Wale wa ofisi ya jiji wananiona mkorofi, wenye maduka wananiona msaliti. Miti inakua vizuri, hilo siwezi kulikana. Nakaa kwenye kiti alichokaa mke wangu, na jioni namwona binti wa jirani yule akirudi kwao, mimba yake imeshakuwa kubwa, akiuvuka mnyororo kwa kushika nguzo. Ufunguo bado sijui uko kwa nani.