Wifi Yangu na Dume la Paka

Wifi yangu ni fundi cherehani, anashonea sebuleni kwake. Mshono wake umenyooka, hata wateja wakorofi humrudia. Aliyekuwa anamharibia kazi ni dume la paka la kaka yangu. Anageuza mgongo, anainua mkia, anarusha mkojo kwenye nguo za watu, kisha anaondoka polepole kama mwenye nyumba.

Wifi alisugua sakafu kwa dawa kali ya chooni. Ile harufu ikamchokoza paka, akaongeza. Alimfukuza kwa fagio, akahamia kwenye pazia.

Siku moja mwalimu mmoja alikuja kuchukua sketi aliyoleta ipunguzwe kiuno. Aliinusa, akaikunja, akasema taratibu, "Fundi, nitatafuta mahali pengine." Wifi alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Cherehani hiyo ndiyo inayolisha nyumba, maana kaka yangu siku hizi kazi yake ni kushauri.

Kumbe paka kitambaa kipya hakigusi, anafuata nguo za kurekebishwa tu. Daktari wa mifugo akatueleza: nguo hizo zinatoka kwa watu wenye paka wao, zinakuja na harufu za paka hao, na dume letu anaweka alama yake juu. Zifungiwe kwenye ndoo yenye mfuniko, na paka ahasiwe.

Kaka akawaka. "Mnataka kumdhalilisha mwanamume mwenzangu?"

"Mwanamume mwenzako anakojolea sketi za watu," nikamwambia. "Wewe unakojolea za nani?"

Wifi alifungia nguo kwenye ndoo, akaburuta godoro lake hadi sebuleni, kisha akambeba paka akamtia chumbani kwa kaka na kufunga mlango.

"Wanaume wawili mtaelewana," akasema.

Hawakuelewana. Ilianza shuka, ikafuata suruali, kisha kiatu, na kiatu alikigundua akiwa amekwisha kukivaa. Kaka akatoka mguu mmoja pekupeku, akauliza huyo daktari anapatikana wapi. Alimpeleka paka mwenyewe ndani ya boksi, uso kama anakwenda kuzika.

Aliporudi akasimama mlangoni. "Haya, ameshahasiwa. Godoro nilirudishe chumbani?"

"Daktari amesema ameacha?"

"Amesema tabia inaisha polepole. Wiki kadhaa."

Wifi alilamba uzi, akautia kwenye sindano. "Basi na mimi nitarudi polepole."