Mtawa wa Chumba cha Plasta

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa sita wa fundi viatu na mkewe mfua nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani, na wakubwa wake wakampeleka hospitali ya misheni, kwenye chumba cha kufungia mifupa iliyovunjika kwa plasta. Alidumu humo miaka thelathini na minane, na wagonjwa wakamwita Mama Plasta.

Humo aliwapokea wasichana wa sekondari, wengine wangali na sare, waliosema wameanguka, huku wapenzi wao wakisubiri nje wamewashikia mikoba. Yeye alifunga mlango kwanza.

"Umeanguka wapi?"

"Kwenye ngazi, Sista."

"Mwanangu, ngazi haina vidole," alisema, akitazama alama za kukabwa shingoni.

Wachache walilia wakasema. Wengi walinyamaza, wakarudi baada ya miezi na mkono wa pili umevunjika, au na mimba, au na maradhi waliyoambukizwa kwa nguvu. Daktari mkuu alimkanya kwamba kazi yake ni mifupa. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuuliza.

Mwaka 1994 aliletwa binti wa miaka kumi na saba, taya limevunjika. Kijana aliyemshikia mkoba alikuwa mtoto wa kaka wa mtawa huyo, ambaye mtawa mwenyewe alimfundisha sala utotoni. Siku hiyohiyo mtawa alikwenda polisi.

"Shangazi, unaniuza?" kijana aliuliza.

"Nakushika mkono kabla haujaua."

Ukoo ukamtenga, kaka yake akaapa kutokanyaga mazikoni mwake. Naye binti, taya likiwa limefungwa waya, aliandika kituoni kwamba aliteleza bafuni. Kesi ikafa. Wiki kumi na moja baadaye binti akafa kwa kipigo, na mtawa ndiye aliyemwosha. Masista husimulia kwamba tangu hapo hakuimba tena kanisani. Alisimama tu, midomo imefumbwa.

Alifariki mwaka 2006 kwa saratani ya ini. Kaka yake alitimiza kiapo. Wauguzi hushuhudia kwamba hadi leo wasichana waliogoma kusema kwingine kote, wakikaa kwenye benchi alilokuwa akiwaketisha wagonjwa, humtaja aliyewapiga. Kanisa bado halijatamka neno kuhusu utakatifu wake. Wala tusijidanganye: wengi wakishamtaja, huondoka na huyohuyo aliyewapiga. Anayetaka kumwiga mtawa huyu asitafute ushindi, maana yeye hakuuona. Binti akirudi na jeraha jipya, asimkaripie. Amsogezee kiti, aanze upya.