Msasa wa Mzee Mbaruku

"Umesikia, shoga? Fundi Mbaruku kaliua roboti la Hamoudi!" Ashatu alisema kisimani, hata ndoo hajaitua. "Wivu huo! Kaona chuma kinamnyang'anya kazi, kakifanyia hila."

Maulida alimkaza mwanawe kwenye kanga mgongoni. Yeye huuza chai na chapati kwenye karakana ya Hamoudi kule Makurunge, na siku ile alikuwapo.

Hamoudi alikuwa ameleta mkono wa chuma wa kuchomelea matela ya kubebea mananasi. Juu yake pamefungwa kamera ya bei nafuu inayopima umbali wa kila kilicho mbele yake, ndiyo inayouonyesha mkono pa kupita. Mafundi wakaachishwa kazi. Akabakizwa Mbaruku peke yake, tena wa kupanga vyuma tu, mtu aliyechomelea mageti ya nusu ya mji.

Mazoea yana taabu. Asubuhi ile Mbaruku alichukua msasa, akasugua maungio ya tela mpaka yakameremeta kama kioo, kama alivyofunzwa na marehemu baba yake: chuma kichafu hakishikani. Maulida alimwona akitabasamu, jambo ambalo hakuliona tangu mashine ije. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba kamera ile hupofuka mbele ya kitu king'aacho. Mkono ukapotea njia, ukajibamiza kwenye tela. Kamera ikapasuka, mkono ukapinda.

"Umekusudia!" Hamoudi alifoka. "Toka!"

Jioni, baada ya maneno yale ya kisimani, Maulida alimpelekea Mbaruku bakuli la muhogo wa nazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Chakula hakukigusa. Mikono yake yenye makovu ya cheche ilikuwa imelala magotini kama si yake.

"Nimekwenda getini kwa Hamoudi, mlinzi hanifungulii. Msikitini wakinipa mkono wananipa ncha za vidole tu. Kazi imekwenda, basi, siidai. Lakini nife naitwa mharibifu?"

"Mungu yupo, fundi."

"Yupo, mwanangu. Ila Hamoudi hasikii."

Maulida akaiwaza meza yake ya chai, iliyosimama pale kwa ruhusa ya Hamoudi huyo huyo. Akatazama chini.

"Wewe uliniona nikisugua," mzee akasema. "Kesho ukipeleka chai, mwambie sikukusudia. Wewe wanakufungulia."