Wavu wa Banda la Kuku

Mimi napika chai kwenye kiwanda cha pamba hapa Bariadi. Shule sikuiona, ila nikimsikia mtu mara moja, naitoa sauti yake mpaka mke wake anaitika.

Sasa wakulima wetu tunawajua. Wengine wanatia mchanga kwenye pamba ili izidi uzito kwenye mzani. Mchanga huo wanakuja kuutoa wanawake wa ghalani, kwa vidole, vumbi limejaa kifuani. Mmoja wao ni jirani yangu kule Somanda, mama wa watoto wawili, hana mume wala shamba. Chai anakunywa jicho liko kwenye simu. Nilikuwa namcheka: "Utameza kijiko, ng'wanone, mwanangu!"

Siku moja akaniita. "Mayu, mama yangu, njoo uone." Mle kwenye simu wanawake wa mbali wanatikisa pamba juu ya wavu, mchanga unamwagika chini. Kesho yake akang'oa wavu wa banda lake la kuku, akaupigilia kwenye fremu ya kitanda kibovu, akauleta ghalani. Saa sita mchana kazi ya siku nzima imekwisha.

Meneja akamkuta anawaonyesha wenzake ile video. Yule hutanguliza tumbo, halafu anasemea puani: "Mnalipwa muangalie Tiktok? Wewe, toka! Usirudi!" Mama akatoka. Wavu ukabaki.

Wiki haijaisha, picha ya meneja inazunguka kwenye simu za wanawake wa ghalani. Amesimama kando ya wavu, mikono kiunoni. Wakanisomea: "Ubunifu wa uongozi wetu." Ubunifu! Manyoya ya kuku bado yamenasa!

Nikaenda kwa yule mama. "Bonyeza pale pa kuingizia sauti." Nikamtoa meneja mzima, na pua yake: "Wavu huu nimebuni mimi, kuku ni mashahidi. Aliyeuleta nimemfukuza, asije akabuni na kiti changu." Tukarusha kwenye grupu la kiwanda.

Asubuhi meneja akanijia jikoni, hata salamu ya mwangaluka hakuna.

"Bibi, nani kakufundisha simu?"

"Uliyemfukuza. Mrudishe."

"Nitafikiria."

"Fikiria. Chai sikupi mpaka umalize."

Leo siku ya nne anakunywa maji. Mama bado yuko nyumbani, na kwenye banda lisilo na wavu kicheche keshabeba kuku wawili. Kesho asipoitwa, naingia ghalani na koleo, nang'oa wavu wetu mbele ya huyo mbunifu. Wachambue kwa vidole. Yeye awe wa kwanza.