Kipupwe Tulichopanga Kwenda Kilwa

Mama alianza kufunga mzigo kabla masika hayajaisha. Mvua bado ilikuwa inapiga bati la nyumba yetu ya Temeke na njia ya sokoni imekuwa tope tupu, naye alishatoa kapu la ukili chini ya kitanda akaliweka juu ya sanduku, mahali ambapo kila anayeingia chumbani angeliona. Kila alichofanikiwa kukipata dukani kilikwenda kapuni. Siku zile kupata kitu dukani lilikuwa jambo la kusimuliana. Duka la ushirika likiteremshiwa sabuni, habari ilizunguka mtaa mzima kabla gari halijazimwa, na Mama alisimama kwenye foleni akiota jua kama mtu asiye na haraka, kumbe ameshamtuma mdogo wangu akashike nafasi nyingine nyuma. Mche mmoja tulifulia. Mwingine ulikuwa wa Kilwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya wiki moja tu. Baba, aliyekuwa mpakuzi bandarini, alikuwa na likizo mwezi wa saba, katikati ya kipupwe, wakati barabara ya kusini imekauka na kivuko cha Rufiji kinavusha magari bila kusubiri maji yapungue. Mdogo wangu angekuwa amefunga shule. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na mafunzo ya jeshi, nasubiri serikali iniambie nikafanye kazi wapi. Tulijua sote kwamba nikishapangiwa, huenda ikawa Kigoma, huenda Musoma, na kukusanyika tena sisi wanne itakuwa kazi. Mama hakulitamka hilo. Alisema tu, "Mwaka huu."

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Alitaka kulala katika nyumba aliyozaliwa, kule Kilwa Kivinje, na sisi wanawe tukiwa ndani, pamoja na dada yake aliyebaki akiishi humo. Aliondoka kwao akiwa bi harusi, kabla ya Uhuru, na tangu hapo alirudi mara moja tu, kumzika bibi, wakati mimi nimeachwa kwa jirani na mdogo wangu hajazaliwa. Safari ile hakuihesabu.

"Nilikwenda msibani," alikuwa akisema. "Msibani unaona watu. Nyumba huioni."

Kazi ya kupanga nilijitwisha mwenyewe. Nilikwenda kuuliza kwenye kituo cha mabasi, kisha nikamuuliza mtu wa pili, kwa sababu wa kwanza alinijibu haraka mno. Niliwaza kivuko kikiharibika. Niliwaza basi likinasa kwenye mchanga ng'ambo ya Kibiti, tukalala porini na mdogo wangu ana kifua. Niliwaza dizeli, ambayo siku hizo ilikuwapo leo na kesho haipo. Zaidi ya yote niliwaza kwamba nitapangiwa kazi wiki hiyohiyo, nitafutwe nisionekane, ionekane nimekataa kuitumikia nchi. Baba alinisikiliza jioni nzima huku akikwangua matope kwenye viatu vyake.

"Wewe chuo kimekufundisha kuogopa kwa mpangilio," alisema, akaingia ndani.

Kilwa niliijua kwa kusoma. Nilijua habari za mji wa kale wa kisiwani, masultani wake, dhahabu iliyopita pale, msikiti mkubwa wenye kuba za mawe ya matumbawe. Nilipomsimulia Mama, alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Tulipelekwa huko siku moja ya Idi," alisema. "Mle msikitini mna popo. Mama yako mkubwa alikimbia mpaka akaacha kiatu. Akarudi Kivinje na kiatu kimoja, anamdanganya mama kwamba kingine kaazima mtu."

Alicheka peke yake muda mrefu. Nikamwomba anieleze nyumba, nijue tutalala vipi. Akanieleza: ukumbi katikati, vyumba viwili kila upande, sakafu ya chokaa iliyosuguliwa mpaka ikawa inateleza, na baraza iliyotazama mashariki. Asubuhi za kipupwe yeye na dada yake walikaa kwenye baraza hiyo wamejifunika khanga moja, wanangoja jua liwafikie miguuni. Upepo wa kusi ulipovuma pale Temeke, Mama alisimama uani akiuelekea, mikono imelowa maji ya vyombo, akasema wakati kama huo wenzake wanaanua muhogo. Nami nilianza kuitamani baraza ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Likabaki suala la kuwajulisha wenyeji. Mtu aliyekaa mbali miaka yote hiyo haendi kwao kimyakimya. Mimi nilipendekeza tumpe ujumbe utingo wa basi, afike nao Kivinje. Baba hakukubali.

"Mke wangu aingie kwao kwa taarifa ya utingo, kama gunia la chumvi? Tutatangaza redioni."

"Redioni, baba watoto?" Mama aliuliza.

"Redioni. Jina lako lote."

"Na la baba yangu."

"Na la baba yako."

Ikawa hivyo. Siku ya tangazo letu, majirani walijaa uani kwetu. Saa ya matangazo ilikuwa saa ya ukimya mtaani. Anayetwanga aliacha kutwanga, kwa sababu karibu yote yaliyosomwa yalikuwa vifo: jina la marehemu, mahali alipokuwa akiishi, kisha ndugu na jamaa walioko huku na kule wajulishwe. La Mama lilisomwa baada ya vifo viwili na kabla ya kingine. Lilitaja jina lake na la baba yake, wa Temeke, Dar es Salaam, likaendelea kuwaarifu ndugu na jamaa wote walioko Kilwa Kivinje kwamba atafika na familia yake mwezi wa saba. Mama alijifunika uso kwa upindo wa khanga. Majirani walimpigia vigelegele. Katika mambo yote niliyoyaogopa, hili lilinipita kabisa. Nami nilipiga makofi.

Kule Kivinje, tulikuja kuambiwa, redio ya jirani wa mama mkubwa ilikuwa na betri zilizochoka. Betri mpya hazikupatikana, kwa hiyo walikuwa wakizianika juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo jioni. Zikawapa nguvu za kusikia vifo viwili, kisha jina la Mama, kisha ndugu na jamaa wote walioko Kilwa Kivinje. Hapo sauti ikafifia mpaka ikazimika. Hakuna aliyeona haja ya kusikia zaidi. Mwanamke wa kawaida wa Temeke atatajwa redioni, saa ile, kwa jambo gani jingine?

Siku chache baadaye, asubuhi, Mama alikuwa uani anachambua mchele. Tukasikia kilio kwenye kona ya msikiti. Kilikuwa kilio cha wanawake wengi, na kilikuwa kinakuja kwetu. Mama aliweka ungo chini, akajifunga khanga kiunoni, akatoka. Nilimfuata. Kwetu mtu haulizi kwanza. Akisikia wenzake wanalia, anatoka, anawapokea, analia nao, habari ataipata baadaye. Mama alishaanza kulia kabla hajafika barabarani. Alimkumbatia mwanamke wa mbele, mgeni aliyebeba furushi kichwani, wakalia pamoja.

"Poleni, jamani, poleni. Nani katutoka?"

Yule mwanamke akamtajia. Alimtajia jina lake yeye Mama, na la baba yake.

Mama hakumwachia. Alibaki amemshika mabegani. Nyuma yao palikuwa na mwanamke mzee kidogo, mwembamba, ameshikiliwa mikono yote miwili na wenzake. Akainua uso. Sikuwahi kumwona, lakini kipaji kile cha uso nilikijua. Kilikuwa cha Mama.

Mama mkubwa alikaa chini palepale, mchangani, katikati ya njia.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi, dada."

"Hukufa?"

"Bado."

Akamvuta kwa khanga mpaka akapiga magoti, akamchapa bega kwa nguvu zake zote, kisha akamkumbatia. Hapo ndipo kilio chenyewe kilipoanza. Majirani zetu, waliokuwa wametoka wamejifunga khanga nao, hawakujua wacheke au waendelee kulia, wakafanya vyote viwili.

Baba aliporudi kutoka kazini alikuta uani kumejaa watu wa Kilwa. Mama mkubwa alimngoja avue viatu.

"Shikamoo, shemeji," Baba alisema kwa unyonge.

"Marahaba, muuaji. Umemuua mdogo wangu redioni."

"Shemeji, nilitaka kumpa heshima."

"Umempa. Kivinje nzima imemlilia. Tumelia njia panda ya Nangurukuru, tumelia kwenye kivuko, dereva wa basi naye kalia, na hamjui. Machozi yale nani atatulipa?"

"Nitawalipa mimi. Nirudishieni mke, yaishe."

"Mke wako tumeshamzika. Ukimtaka huyu, anza upya kuposa."

Walikaa siku kadhaa. Mchele waliokuja nao wa matanga ulipikiwa shukrani, ikasomwa dua, na watoto wa mtaani walikula kama Idi. Tulilala kwenye mikeka mpaka ukumbini. Kurudi kwao kulihitaji nauli, kwa sababu Kivinje walichangiwa ya kuja tu. Baba hakumuuliza mtu. Alikwenda kituoni na fedha ya safari yetu, nami nikamsindikiza.

"Na sisi, Baba?"

"Sisi tumeshafikiwa," alisema. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Usimwambie mama yako kwamba umeniuliza."

Mchana wa mwisho, dada hao wawili walijilaza kwenye mkeka uani. Mimi nilikuwa namenya mihogo karibu yao. Mama alianza kuuliza habari za nyumba, kitu kimoja kimoja. Kitanda cha mama kipo? Kipo. Na kinu? Kipo. Kile chumba cha upande wa bahari, bado kinaingiza maji? Mama mkubwa alijibu kwa mkato, akitazama juu.

"Nitakapokuja nitalala chumba kile," Mama alisema.

"Nyumba imelala, mdogo wangu."

"Imelala vipi?"

"Masika haya haya. Ukuta ulianza, paa likafuata. Mimi nilikuwa kwa jirani kuomba moto. Sasa nakaa huko huko kwa jirani."

Mama alijiinua, akakaa.

"Na hukuleta habari."

"Nilisema, akijua nyumba hakuna, atakuja kufanya nini?"

"Upo wewe."

"Mimi nimekuja mwenyewe, umeniona."

Mama aliokota ganda la muhogo, akalikunja mpaka likakatika. Kisha akauliza kama sakafu ipo.

"Sakafu ipo. Kuku wa watu wanaota jua pale."

"Baraza?"

"Na baraza."

"Basi," Mama alisema. Akajilaza tena, akaweka kichwa kwenye mkono wa dada yake. Niliendelea kumenya mihogo, nikijiuliza ni turubai kubwa kiasi gani lingeweza kufunika sakafu ile, nani angetuazima, na umande wa huko ukoje alfajiri.

Hatukwenda. Likizo ya Baba iliisha, shule zikafunguliwa, nami nilipangiwa Tabora, ambako kipupwe hakina bahari ndani yake. Ni baridi kavu inayopasua midomo. Mwaka huu niliomba ruhusa mapema. Niliambiwa watumishi wapya wasubiri. Mdogo wangu ana mitihani, Baba hakupewa likizo. Mama akaaga majirani, akapanda basi peke yake. Safari hii hakutangaza kokote.

Kwa hesabu zangu, leo yuko Kivinje. Baba anasema alibeba mkeka mpana na khanga nzito, na alipoulizwa atalala wapi alijibu kwamba anakwenda kwao. Sijui kama jirani amemkubalia alale nje, kwenye sakafu ile. Sijui kama dada yake yuko naye kwenye baraza, au kama amechoka na kumwacha peke yake. Jioni, nikitoka ofisini, najaribu kuipima nyumba ile kwa hatua uani kwangu, kama Mama alivyonieleza: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mashariki. Kila nikipima, chumba cha upande wa bahari kinaangukia mahali pengine, narudi mwanzo.