Kisima Ndani ya Kijaluba

Tarehe 22 Machi 2021, moto mkubwa uliteketeza maelfu ya vibanda katika kambi za wakimbizi za Balukhali. Miongoni mwa vilivyoungua ni daftari la mwalimu Solimullah, alimonakili tarana za wanawake wa Kirohingya, nyimbo ambazo aghalabu hazina mwenyewe.

Miaka miwili baadaye alikuwa akifundisha vijana wa kambini kutunga mashairi. Mwanafunzi wake Setara, mwenye miaka kumi na mitatu, alikwisha kuvunja ungo, hivyo kwa desturi yao hakutoka tena nje. Karatasi zake zililetwa na bibi yake, Gulbahar, zimekunjwa kati ya majani ya tambuu ndani ya kijaluba. Asubuhi moja Solimullah alikunjua mojawapo, akasoma:

Kisima chetu tumekiacha na ndoo yake;
nani sasa huyaamsha maji?

Maneno hayo aliwahi kuyaandika kwa mkono wake, katika daftari lililoungua. Aliyapokea kinywani mwa nani, hakukumbuka. Na alasiri ya siku hiyo kitabu cha mashairi ya wanafunzi kilikuwa kinapelekwa kuchapishwa: ama jina la Setara lichapwe kwa mara ya kwanza, ama liondolewe kama la mwizi.

Alimfuata bibi hadi kibandani, akamuuliza kama ndiye aliyemwimbia mjukuu wake. Gulbahar akacheka, meno mekundu.

"Kisima? Mwanangu, sisi tulichota mtoni. Labda uliimba wewe ulipokuwa ukifagia darasa. Sauti yako hupenya turubai mpaka huku. Kuku wetu ni mashahidi."

Kweli, Solimullah alikuwa na mazoea ya kuimba akifagia. Alichokuwa akiimba hakukijua. Nyuma ya pazia, Setara alieleza kwamba kisima kile alikiona, chini ya mpera. Kisha akasema pengine alikiota. Walipovuka mpaka wakikimbia kwao alikuwa na miaka saba.

"Unataka jina lako libaki?"

"Kama shairi si langu, futa jina, Mwalimu. Ila kisima usikifute."

Njiani Solimullah alilifuta jina, akaliandika, akalifuta tena. Kitabu kilipotoka, chini ya shairi palisomeka: "Limeletwa na Setara." Gulbahar alikitia katika kijaluba, japo hakikuingia chote.

Ni nani aliyeyatamka maneno yale kwanza, na kisima kile kilikuwa cha kijiji gani, hadi leo haijulikani.