Ghala Tulilohamia Masika

Siku hizi nikipata likizo huchukua kamera na kuzunguka vijijini, nikipiga picha za maghala ya zamani. Kwetu Mbulu, ukitoka Dongobesh kuelekea Balangdalalu utayaona bado, machache: mbao zimegeuka rangi ya majivu, mabati yameota kutu. Watu hunishangaa. "Dada, kwani nyumba nzuri huzioni?" Mimi hucheka tu. Mwezi uliopita simu ya mdogo wangu ilinikuta njiani. "Njoo nyumbani," alisema. "Kesho tunabomoa ghala." Nikageuza safari, nikaenda Bashay.

Ngoja nikueleze lile ghala lilikuwa nini kwetu.

Nilikuwa darasa la pili masika ile nyumba yetu ilipoanguka. Ilikuwa nyumba ya udongo, na mvua ilinyesha mfululizo hata kuta zikalowa kama mkate kwenye chai. Asubuhi moja tukiwa tunakunywa uji, bibi akatega sikio, kisha akapiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote!" Tulitoka na vikombe mkononi. Ukuta wa nyuma ukalala chini taratibu, kama ng'ombe anavyojilaza, na paa likaufuata. Mama alikuwa na mimba pevu. Alisimama mvuani ameshika kiuno, machozi yanamtoka bila sauti.

Bibi hakulia. Alifungua ghala akasema, "Mahindi yatupishe kidogo."

Tukahamia humo. Tulilala juu ya magunia, ndama wamefungwa ng'ambo ya fito, mafungu ya vitunguu saumu yakining'inia juu ya vichwa vyetu. Mpaka leo harufu ile hunipa joto, ingawa unajua baridi ya Mbulu inavyong'ata. Bibi alipika makande chini ya upenu, na mvua ilipiga mabati mpaka tukalazimika kuongea kwa kupaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku wasichokonoe magunia. Tukilalamika kwamba tunabanana, bibi alikuwa na msemo wake: "Penye chakula hapakosi nafasi."

Mdogo wangu akazaliwa humo humo. Njia ilikuwa tope tupu, zahanati haifikiki, kwa hiyo akaitwa jirani yetu, mama aliyezoea kuzalisha. Baba na mimi tukabaki upenuni. Tulimsikia mama akiugulia, halafu kikaja kimya kilichonitisha kuliko kuugulia kwenyewe. Nilishika mkono wa baba. Kisha kichanga kikalia, kwa ukali, na ndama mmoja akaitikia. Jirani akachungulia mlangoni anacheka. "Baba, ni wa kiume! Hori lipo, ng'ombe wapo, bado mamajusi tu."

Hata mamajusi walikuja, ingawa alikuwa mmoja tu. Rafiki wa baba, mfugaji wa uwanda wa Hanang aliyekuwa amepeleka ng'ombe mnadani Dongobesh, alipata habari, akakanyaga tope mpaka kwetu na kibuyu cha maziwa mgando. Alimtazama mtoto kwa muda, akasema, "Huyu hataogopa ng'ombe."

Na kweli hakuogopa. Ndiye aliyebaki nyumbani na mifugo. Nilipofika alikuwa tayari na nyundo na mtaimbo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kwa nini sasa, jamani?"

"Mchwa wamemaliza nguzo, na watoto wanacheza humo. Lisije likawaangukia."

Nikatoa kamera. Nikapiga picha mlango, fito, moshi uliogandia ukutani. Nikamwomba asimame ndani. Akaingia, akaangaza huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi nilizaliwa upande gani?"

Mama alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Akainuka, akaingia polepole, akasimama karibu na ukuta. "Hapa. Kichwa chako kilikuwa huku."

Mdogo wangu akavua kofia. Nikawapiga picha wote wawili.

Kufikia mchana ghala lilikuwa chini. Mahindi siku hizi hukaa kwenye mifuko ya plastiki, pembeni mwa kitanda. Binti mdogo wa ndugu yangu akaenda akalala chali pale pale alipooneshwa baba yake, akatazama mawingu, na hakuna aliyemfukuza. Bibi hayupo, baba hayupo, jirani yetu naye alishatangulia. Tuliolala chini ya paa lile masika ile tumebaki watatu, na mmoja wetu hakumbuki chochote.